Naomba ushauri: barabara ya moto kwenye mikorosho, Nachingwea

Wakuu, shamba ni ekari 6, na upande wa kusini-mashariki limepakana na pori la nyasi zilizokwisha kukauka. Upepo wa kusi ukikaza mchana, moto wowote wa huko unakuja moja kwa moja kwenye mikorosho. Barabara ya moto, yaani ukanda ulioondolewa nyasi ili moto usivuke, ipo, upana mita 3, ila imefyekwa tu. Nyasi zilizolala zinapitisha moto chinichini. Nawaza kuipanua iwe mita 6, nilime kwa jembe mpaka udongo uonekane, pia nifagie majani makavu chini ya miti. Mita 6 zinatosha cheche zikiruka? Kuchoma ukanda wa pori alfajiri, kwa idhini ya kijiji, bado inawezekana Septemba, au hiyo ilikuwa kazi ya Juni? Trekta hapana, korosho zimeanza kudondoka, itazikanyaga.