Kisu kidogo kisichokunjwa, bei ya kutisha: kinalipa au ni sifa tu? Tupeane uzoefu

Mtema_Vijiti: Wakuu salaam. Leo nimeshika kisu kidogo, bapa halifiki sentimita 9, hakikunjwi, kina ala ya plastiki ngumu. Kimekaa mkononi utadhani nilipimwa. Nikageuza kibandiko cha bei, nikakirudisha taratibu kama mtu aliyeshika yai. Kwa bei ile napata visu kumi vya kawaida na chenji inabaki. Muuzaji ananiambia "hiki ni MagnaCut", nikaitikia kwa kichwa kama naelewa. Aliyewahi kununua aje aseme ukweli.

Kimya_Kingi: Sifa tu.

Bapa_Butu: Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, kwa miaka. Uzi huu umenikumbusha kitu ambacho huwa sipendi kukisimulia.

Tulipiga kambi, mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi kuni zote zimelowa, nikasema nipasue gogo dogo nipate kiini kikavu. Mnajua tunavyofanya: kisu juu ya gogo, unagonga mgongo wake kwa kipande cha mti. Kisu changu kilikuwa cha bei ya chini kabisa, nimekaa nacho muda tu, hakijawahi kunisumbua. Nikagonga mara ya tano au ya sita, nikaona bapa limenasa. Nikaacha kugonga, nikashika mpini kwa nguvu nivute.

Mpini ukapasuka. Mkono ukateleza mbele, juu ya makali. Sikuhisi maumivu, nilihisi joto tu, kama mtu amenimwagia chai. Nilipofungua kiganja nikaona kitu cheupe ndani, nikakifumba haraka. Begi la huduma ya kwanza lilikuwa na zipu ya mikono miwili. Jaribuni kufungua zipu ya namna hiyo kwa mkono mmoja na meno, huku mwenzako anatapika pembeni. Tulitembea saa mbili hadi barabarani. Kano ya kukunjia kidole kidogo ilikuwa imekatika, ikashonwa, miezi mitatu ya mazoezi, na hadi leo hakikunji vizuri.

Kisu nilikitunza. Msuka wake, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, ulikuwa mfupi kama pingili moja ya kidole, umeshikiliwa kwa gundi. Ndani ya mpini kulikuwa na hewa tupu. Siku hizi sinunui kisu nisichouona msuka wake.

Zuwena_K: Pole sana kaka. Nimejikuta nimefumba kiganja nikisoma.

Fundi_Tupa: Pole mkuu. Ila tuseme ukweli, hiyo si hadithi ya bei. Ulikigeuza kisu kuwa shoka. Visu vingi vya Mora, vya Uswidi, ni vya bei nafuu na msuka wake haufiki mwisho wa mpini, na watu wanavitumia maisha yao yote. Lakini huwa hawavigongi kama nyundo na patasi.

Bapa_Butu: Kwa hiyo mimi ndiye mwenye kosa, siyo aliyeuza hewa na gundi?

Fundi_Tupa: Wote wawili.

Bapa_Butu: Kidole ni changu wewe unaleta hesabu ya makosa. Sawa.

Fundi_Tupa: Nisamehe, sikuwa na nia mbaya. Natengeneza visu, mdomo umezoea kukosoa.

Basi nimjibu mleta uzi. Jina la chuma peke yake lisikutishe. MagnaCut ni chuma cha mwaka 2021, kilibuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas. Kinatokana na unga wa chuma ulioshindiliwa, kwa hiyo chembe zake ngumu ni ndogo na zimesambaa sawasawa. Hakishiki kutu kirahisi na hakimeguki ovyo, na kupata yote mawili pamoja huwa kazi. Ni ghali kukinunua, na kwa fundi ni ghali zaidi kukisaga, kinakula mikanda ya msasa.

Sasa chukua chuma hicho hicho, kichome vibaya, umepata kipande cha bati chenye jina zuri. Chuma kinatiwa moto hadi kiwango chake, kinapozwa ghafla, halafu kinarudishwa kwenye joto la chini ili kisiwe kama kioo. Visu vya namna hii mara nyingi vinalengwa kati ya 58 na 63 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell. Kikishuka sana makali yanalala, kikipanda kupita kiasi yanamegeka. Hilo hulioni dukani kwa macho.

Ukiweza, angalia unene wa bapa pale juu kidogo ya makali. Ukipita nusu milimita kwa kisu kidogo, unalipia kabari.

Kimya_Kingi: Maneno mengi kwa kitu cha kumenyea chungwa.

Dada_Hema: Mimi nilinunua cha ghali, tena cha fundi, niliagiza nikangoja. Chuma cha kaboni, 1095, mpini wa mti, ala ya ngozi nzuri hadi nilikuwa nainusa. Nikatoka nacho safari moja, kikalowa, nikakirudisha kwenye ala, nikaitundika. Nilipokuja kukichomoa baada ya miezi hakikutoka. Kilipotoka kilikuwa na vishimo vya kutu pande zote. Hakuna aliyeniambia ngozi inatunza unyevu na kwamba chuma kile hakina kromiamu ya kukilinda. Nilikuwa nalipia urembo. Sasa kinalala nje ya ala, kimepakwa mafuta, na bado nakipenda kama mtoto mtundu.

Zuwena_K: Hahaha kama mtoto mtundu.

Mvuvi_wa_Likizo: Mimi si mtu wa visu kabisa. Ila kisu kidogo cha bei hizo kilinitoa chini ya maji.

Zuwena_K: Nimekaa mkao wa kula.

Mtema_Vijiti: Mkuu usituache hapo.

Mvuvi_wa_Likizo: Narudi, naandika kwa simu.

Kimya_Kingi: Hawa wakisema wanarudi huwa hawarudi.

Mvuvi_wa_Likizo: Nimerudi. Tulikuwa wawili kwenye boti ndogo. Nilisimama mbele nishushe nanga, kamba ilikuwa imerundikana sakafuni, siyo kukunjwa, imerundikana. Nikairusha nanga. Nikasikia kitu kimenikaba kifundo cha mguu, na kabla sijaangalia chini nilikuwa naliona anga.

Nilikwenda chini miguu ikitangulia. Masikio yaliuma kama yanatobolewa. Nilijikunja kuifikia kamba, nikajaribu kuilegeza kwa vidole, lakini nanga ilikuwa inaivuta, haiachii hata kidogo. Mfukoni nilikuwa na kisu cha kukunja. Nilikigusa juu ya kitambaa, nikakumbuka kwamba kile huwa nakifungua kwa mikono miwili, na mkono mmoja ulikuwa umeshika kamba ili isinimalize mguu. Shingoni nilikuwa nimevaa hicho kidogo, kimening'inia mpini chini. Nilikivuta mara moja kikatoka. Mkato wa kwanza nusu ya kamba, wa pili yote. Nikapanda juu.

Mwenzangu alikuwa bado amekaa kule nyuma, anatafuta miwani. Aliniuliza, "Umeamua kuogelea?"

Dada_Hema: Nimecheka na nimetetemeka kwa pamoja. Pole jamani.

Bapa_Butu: Hiyo ndiyo hoja ninayoitafuta kila siku. Kisu kisichokunjwa kiko tayari.

Kimya_Kingi: Hata kisu cha jikoni kingeikata kamba hiyo.

Mvuvi_wa_Likizo: Kingeikata kaka. Tatizo kingekuwa jikoni.

Fundi_Tupa: 😂 Kimya_Kingi kapatikana. Ila wadau, anayevaa kisu shingoni atumie kamba au mnyororo unaokatika ukivutwa kwa nguvu. Usijiokoe mguu ukajinyonga shingo.

Nolea_Jiwe: Nimechelewa. Swali la bei lina swali lingine nyuma yake: unajua kunoa? Kama hujui, cha bei ndogo na cha bei kubwa vyote vitakuwa butu, kimoja mapema kimoja baadaye. Na vyuma vyenye vanadi nyingi, metali inayochanganywa kwenye chuma, vina chembe ngumu kuliko mawe mengi ya kawaida, utasugua hadi uchoke. Tafuta bamba la almasi.

Zuwena_K: Mimi nanoa kwenye kitako cha kikombe cha udongo.

Nolea_Jiwe: Inafanya kazi kweli, ila kwa kisu cha bei hiyo mwenye nacho atalia.

Dada_Hema: Mleta uzi, nunua cha chini kwanza ujifunzie.

Bapa_Butu: Usinunue cha chini. Nimeshakuonyesha kidole.

Fundi_Tupa: Nunua cha katikati. Chuma kisichoshika kutu kirahisi kama 14C28N au mfano wake, msuka uende hadi mwisho, ala isiyochezacheza. Ukikitikisa ndani ya ala kisitoe sauti.

Kimya_Kingi: Mvuvi, hicho chako kilikuwa cha chuma gani? Nauliza tu.

Mvuvi_wa_Likizo: Sijui. Baada ya kukata kamba nilikiachia, kiko chini pamoja na nanga. Halafu hakikuwa changu, nilikiazima kwa shemeji asubuhi ile.

Mtema_Vijiti: Alisemaje?

Mvuvi_wa_Likizo: Alishukuru Mungu niko hai. Wiki iliyofuata akanitumia picha ya kisu. Ndiyo sababu nimeingia kuusoma uzi huu, nilitaka kuona kama kuna atakayesema cha nafuu kinafanana nacho.

Fundi_Tupa: Weka hiyo picha.