Kutafuta uvimbe wa utumbo mwembamba kabla ya upasuaji

Swali: Ndugu wataalamu, mgonjwa wetu anapoteza damu tumboni, na kamera za njia ya juu (kupitia mdomoni) na ya chini (kupitia njia ya haja kubwa) hazikuonyesha chanzo. Kwa nini daktari anataka siti-skani maalumu ya utumbo mwembamba na si ile ya kawaida?

Jibu: Utumbo ukiwa mtupu kuta zake hulaliana, na uvimbe mdogo hujificha humo. Katika kipimo hicho mgonjwa hunywa lita 1 hadi 1.5 za kimiminika, kidogo kidogo kwa takribani saa nzima, ili utumbo utanuke, kisha huchomwa mshipani dawa inayofanya uvimbe wenye mishipa mingi ya damu ung'ae kwenye ukuta.

Jibu: Kidonge chenye kamera huona vidonda vidogo vya juu juu ambavyo picha hizo hazivioni. Hata hivyo, kikikuta mahali palipobana hunasa. Hivyo mwenye dalili za kuziba apigwe picha kwanza, tafadhali.

Jibu: Naongezea kwamba uvimbe wa aina ya neuroendokrini (unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni) mara nyingi huwa zaidi ya mmoja, kwa hiyo daktari wa upasuaji bado hupapasa utumbo wote kwa vidole.