Toyota IST kutoka Dar kwenda Njombe mwezi wa saba: injini inapashwa vipi asubuhi ya baridi?

Mtu_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Wiki ijayo napanda Njombe na IST, injini ya 1NZ ya cc 1500, petroli, otomatiki. Nitakaa huko wiki mbili na kila siku saa 12 asubuhi natakiwa niwe barabarani. Hapa Dar ni kuwasha na kuondoka. Kule Julai kuna siku majani yanaamka na barafu. Niache gari lingurume dakika ngapi? Oili iliyomo ni 20W-50, nibadilishe? Na kuna kingine cha kuangalia kabla sijatoka? Nawasilisha.

Jembe_la_Zamani
Dakika 10 hadi 15, mkuu. Washa, nenda kapige mswaki, ukirudi limeiva. Ukiondoka nalo likiwa la baridi unasaga ringi za pistoni.

Spana_14
Mzee Jembe, shikamoo, ila hiyo ni sheria ya magari ya zamani ya kabureta na choki. Kwenye injini ya nozeli, inayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, mambo ni kinyume. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi, kompyuta inaongeza petroli na kupandisha mzunguko hadi kama 1,200 au 1,500 kwa dakika. Petroli ile ya ziada haiungui yote. Nyingine inabaki kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inateremka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwa hiyo kukaa dakika 15 umesimama ndiko kunakosaga ringi, maana gari lililosimama linatoa joto kidogo sana na hali hiyo inarefuka bure.

Mtu wa Tabata, fanya hivi. Zima taa, feni na redio kabla ya kupiga ufunguo. Washa bila kukanyaga mafuta. Hapa Dar sekunde 30 zinatosha, Njombe penye barafu nenda dakika moja hadi mbili. Subiri mzunguko uanze kushuka ndipo uingize D. Ukiingiza ukiwa bado juu, gia boksi inapigwa kishindo. Kisha ondoka taratibu, usivuke 2,500 kwa dakika 5 hadi 10 za kwanza, wala usikanyage mafuta yote kwenye mlima. Na usipige resi ukiwa umesimama ili "kuharakisha". Oili bado nzito, haijasambaa vizuri.

Taa ya bluu kwenye dashibodi ikizima usidhani umemaliza. Ile inasoma maji. Oili inachelewa nyuma ya maji kwa dakika kadhaa.

Mama_Vipuri
Oili: 20W-50 itoe. Herufi W ni ya baridi. Namba inayotangulia herufi hiyo ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi injini ikiwa haijapata moto. Weka 5W-30, ambayo ndiyo injini hiyo imeundiwa. Lita 3.7 ukibadilisha na chujio. Ukinunua galoni ya lita 4 kuna kidogo kitabaki, usikimimine chote kwa kuogopa kupoteza. Pima kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare.

Betri ipimwe asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Betri inayobabaisha hapa Dar, Njombe itagoma kabisa, kwa sababu baridi inaipunguzia nguvu wakati huohuo injini inakuwa nzito kuzungushwa. Stata isizidi sekunde 10, pumzisha nusu dakika, jaribu tena.

Dizeli_Tupu
Kwa wenye Hilux na Prado za dizeli wanaosoma: subirini taa ya koili, ile ya plagi za kupashia, izime kwanza. Isipowaka kabisa, au gari likiwaka kwa kutetemeka na moshi mweupe unaonuka dizeli, plagi za kupashia zipimwe. Yenye tabo isipigwe resi dakika ya kwanza. Na dizeli ikiachwa imesimama haipati moto hata nusu saa.

Spana_14
Narudi, maana jambo kubwa sijalisema na hakuna aliyeligusa. Je, gari lako lina themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto? Magari mengi ya Dar yameng'olewa. Gari linachemsha, fundi anaitoa, joto linashuka, kila mtu anafurahi. Ukifika Njombe bila themostati, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Utangoja dakika 30 na injini haitaiva. Kompyuta itaendelea kumwaga petroli ya ziada, hita haitatoa hewa ya moto, na gia boksi itachelewa kuingiza gia ya nne kwa sababu inasubiri maji yapate joto. Unyevu nao haukauki kwenye oili, unafungua kifuniko unakuta ute wa rangi ya maziwa.

Pima kesho asubuhi gari likiwa limelala. Washa, shika hosi ya chini ya rejeta, mkono mbali na feni na mikanda. Themostati ikiwepo na nzima, hosi hiyo inabaki ya baridi dakika kadhaa, halafu inapata moto kwa mkupuo. Zikianza kupata uvuguvugu taratibu zote mbili, ya juu na ya chini, tangu dakika ya kwanza, basi haipo au imekwama wazi.

Jembe_la_Zamani
Sasa bila kuing'oa, mlima Kitonga atapandaje?

Spana_14
Kwa feni inayofanya kazi na rejeta isiyoziba, mzee wangu. Themostati ikifunguka inapitisha maji ya kutosha. Gari linalochemsha Kitonga lina ugonjwa mwingine.

Mtu_wa_Tabata
Nimepima leo. Hosi zote mbili zilianza uvuguvugu pamoja, na taa ya bluu imechelewa sana kuzima. Halafu kwenye rejeta naona maji ya rangi ya kutu.

Mama_Vipuri
Maji ya bomba hayo. Kwenye barafu yanaweza kuganda na kupasua rejeta. Yamwage yote, suuza mpaka yatoke masafi, weka kulanti, dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda na kutu. Ikiwa ni ile nzito isiyochanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri; mchanganyiko huo haugandi mpaka nyuzi 35 hivi chini ya sifuri. Kuwa makini dukani, usije ukauziwa asidi ya betri. Na maji ya kunywa ya chupa yana madini, hayafai.

Spana_14
Nunua themostati ya nyuzi 82, yaani inayoanza kufunguka kwenye joto hilo, na mpira wake mpya. Kabla ya kufunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, ining'inize kwa uzi isiguse chini. Maji yakikaribia kuchemka lazima uione imefunguka, na ukiitoa ijifunge yenyewe. Kutoa hewa: hita weka kwenye moto wa mwisho, jaza rejeta polepole, washa bila kifuniko, minyaminya hosi, ongeza kila inaposhuka mpaka povu liishe na feni ipige. Funga. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa ya baridi, angalia tena rejeta na kopo la akiba.

Mtu_wa_Tabata
Asanteni sana. Niko kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, ya 82 wanasema imekwisha, kuna ya 76. Nichukue?

Spana_14
Ingekuwa unabaki Dar ningekuambia chukua. Kwa Njombe, vuka barabara uulize duka la pili.