Tamiya Hornet ya 1984: nimebadili sevo, tairi za mbele bado zinacheza

Mtoto_wa_Ngamiani:
Wakuu, salaam. Nina gari dogo la rimoti, Tamiya Hornet, toleo la kwanza kabisa, lile la 1984. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, aliniletea kutoka Dubai nikiwa darasa la tatu. Imekaa juu ya kabati miaka mingi. Mwaka huu nimeiamsha: mota ya 540 inavuma vizuri, gia nzima, ila usukani unanitoa jasho. Naielekeza mbele, yenyewe inakwenda upogo. Narekebisha, inapogoka upande wa pili. Nikishika tairi ya mbele kwa vidole, ukingo wake unakwenda na kurudi karibu sentimita nzima kabla sevo, ile mota ndogo inayogeuza tairi za mbele, haijahisi chochote. Nilinunua sevo mpya, nikaifunga, hali ni ileile. Sitaki kuifungua hovyo, plastiki yake ina miaka arobaini na ndicho kitu pekee cha mjomba nilichobaki nacho. Nianzie wapi?

Spana_Namba8:
Pole kwa mjomba, mkuu. Usinunue kitu kingine kwanza. Washa rimoti na gari ili sevo ijikaze, inua pua, tikisa tairi moja polepole huku mtu akikumulikia tochi. Tazama kipande kipi kinatembea wakati jirani yake ametulia. Ugonjwa uko hapo katikati yao.

Yangu ni ya 2004, walipoitoa upya, na mkosaji mkubwa alikuwa ile pembe yenye springi inayokaa kichwani mwa sevo, inayokinga meno yasikatike gari likigonga ukuta. Ya zamani ni laini mno. Sevo inageuka, pembe inajikunja badala ya kusukuma tairodi, kile kijiti kinachofikisha msukumo kwenye tairi. Tamiya wenyewe wanauza ngumu zaidi, yenye springi za pete za chuma. Angalia pia skrubu zinazoshika sevo kwenye bodi.

Saa_na_Dakika:
Kaka, mimi ni fundi saa, haya magari ni starehe yangu ya Jumapili. Matundu ya plastiki yakilika huwa na umbo la yai, pini ya duara inaogelea humo. Kata ukanda wa kopo la soda, bati lake ni jembamba, kama sehemu ya kumi ya milimita. Lainisha kingo kwa msasa, viringisha kwenye pini mzunguko mmoja, ncha zisipandane. Kwenye boljointi za tairodi, yaani viungo vya kigololi ndani ya kikombe, funika kigololi kwa kipande cha mfuko laini wa nailoni, bonyeza kikombe juu yake, kata kinachochungulia nje.

Usikaze kupita kiasi, nakusihi. Chomoa tairodi, kisha geuza tairi kwa kidole kimoja: iende bila kukwama. Ikiwa nzito, sevo itaunguruma hata gari limesimama, mwisho itaungua.

Mtoto_wa_Ngamiani:
Wakuu, nimerudi. Mwanangu ndiye alishika tochi. Pembe ilikuwa inajikunja kweli, tulimwona mkosaji kwa macho yetu. Skrubu moja ya sevo ilikuwa inazunguka bure. Tundu la pini upande wa kushoto limekuwa yai, la kulia zima. Nadhani ndiyo ile ngazi ya baraza niliyoigonga nikiwa mtoto. Nimeweka pembe ngumu, bati la kopo kushoto, nailoni kwenye vigololi vyote. Ukingo wa tairi sasa unacheza milimita 2 hivi. Jana imekwenda uwanja mzima imenyooka, nilikaa kimya nikiitazama. Ahsanteni sana. Limebaki moja: ikipanda tuta, tairi zinageuka kidogo zenyewe.

Spana_Namba8:
Hilo liache, mkuu. Mkono wa mbele na tairodi havipandi kwa upinde mmoja, ndiyo maana tairi hubadili mwelekeo kila mkono unapoinuka. Ilitoka kwa Tamiya kule Shizuoka, Japani, hivyo hivyo.