Fundi kaniwekea bomba la inchi moja la maji ya moto, sasa kila asubuhi nakinga ndoo kama mgema ulanzi

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira, mnivumilie.

Niko Njombe. Baridi ya mwezi wa saba huku mnaijua. Nilijibana mwaka mzima nikafunga sola ya kuchemshia maji, tanki la lita 200, juu ya paa upande wa nyuma ambako kuna bafu la watoto. Bafu lile halina shida, unafungua tu na maji yanaunguza. Kesi iko jikoni, upande wa pili wa nyumba, mita 24 za bomba.

Wakati wa kulaza mabomba nilimwambia fundi la jikoni liwe nusu inchi, maana ni sinki moja tu. Akacheka. "Bosi, nusu inchi maji yatachelewa. Piga inchi moja, yanakuja kwa fujo." Nikaongeza hela, na soda nikamnunulia juu.

Jana saa kumi na mbili asubuhi nikachukua ndoo na simu, nikapima. Dakika mbili na sekunde hamsini! Ndoo ilikuwa na lita 11 za maji ya baridi kabla mkono haujasikia joto. Mke wangu kasimama pembeni na vyombo vya uji, ananiangalia tu, halafu akawasha gesi akabandika sufuria. Sufuria, wakuu, na sola iko juu ya paa.

Nikakaa na kalamu. Bomba la PPR la inchi moja, lile la maji ya moto lenye ukuta mnene, linabeba theluthi moja ya lita na kidogo kwa kila mita. Mita 24 ni lita nane na nusu zimelala humo usiku kucha zikipoa, na lazima zitoke zote kwanza. Zinazobaki hadi 11 zinaishia kulipasha bomba lenyewe. Nusu inchi ingebeba lita tatu na kidogo. Koki ya sinki inatoa lita nne kwa dakika, haijali nyuma yake kuna bomba nene kiasi gani. Kwa hiyo unene wote ule nilioulipia ni ghala la maji ya baridi!

Tukifungua mara kumi kwa siku hivi, kwa mwezi ni karibu uniti tatu za maji (lita 3,000) zinakwenda kwenye karo. (Siku hizi tunakinga tunamwagilia sukuma wiki. Zimestawi, sikatai.)

Na bomba kalizika kwenye zege tupu, bila sponji ya kulifunika lisipoteze joto. Nilimuuliza siku ile ile, akanijibu sponji ni ya mabomba ya AC. Ndiyo maana ukiosha vyombo vya chai, ukirudi baada ya nusu saa unaanza upya. Nikampigia: "Mkuu hiyo kawaida, itazoea." Itazoea nini? Tangu hapo hapokei.

Fundi wa pili anasema tuweke bomba la kurudi na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Sawa, lakini sakafu ina vigae, na pampu ikizunguka usiku kucha bila taima itanimalizia joto lote la tanki kabla hakujakucha. Pia kasema kuna valvu inayowekwa chini ya sinki, pampu inasukuma maji yaliyopoa yarudi kupitia bomba la baridi bila kupasua kitu. Sasa na koki ya baridi itatoa uvuguvugu kwa muda, mtu akitaka kunywa je?

Mimi naelekea kwenye kahita ka umeme ka lita 10 chini ya sinki, nilishe kutoka bomba hilo hilo la moto, kabebe zile lita za mwanzo hadi ya sola yafike. Aliyefunga hivyo aniambie luku inakwendaje, na kama 10 zinatosha au nichukue 15.

Na wewe fundi, najua humu unapita. Pokea simu.