Risasi za bastola 9mm za kulengea shabaha, wapi naweza kupata kwa bei nafuu? (Texas na majimbo mengine)

Mlenga_Arlington

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa wale mnaopenda mchezo wa shabaha huku Marekani.

Niko Arlington, Texas, nina grini kadi (ukaazi wa kudumu) na nimenunua Glock 19 kihalali dukani na karatasi zote zimepita. Mchezo huu nimeupenda sana, yaani nikitoka kazini nimechoka nikapiga shabaha saa moja akili inatulia kabisa. Tatizo ni gharama, maana renji (uwanja wa kulengea shabaha) ninayoenda wanauza boksi la risasi 50 kwa dola 22 kabla ya kodi na mimi nikianza siwezi kuishia boksi moja, napiga 200 hivi, kwahiyo hapo hujaweka ada ya kuingia wala karatasi za shabaha tayari unakaribia dola 100 na nyumbani kuna watoto wa kulisha na hela ya kutuma kwa wazee Tanga.

Maswali yangu: mnanunua wapi kwa bei ya mtu wa kipato cha kawaida? Zile zenye ganda la chuma zina shida? Na zile zilizojazwa upya, mtu anaziamini vipi? Pia kuna jamaa kaniambia ninunue 1000 kwa mpigo mtandaoni, ni sawa kisheria kuletewa nyumbani? Natanguliza shukrani.

Baruti77

Mkuu hapo kwenye renji ndo unapoliwa, kaunta ya renji ni sehemu ya dharura tu, umesahau risasi nyumbani basi unanunua boksi moja unamaliza.

Jifunze kuhesabu senti kwa risasi moja, na uhesabu kila kitu humo humo, kodi na usafiri. Chukua mfano wako, dola 22 ukiweka kodi ya Texas ya asilimia 8.25 inakuwa karibu 23.80, gawa kwa 50 unapata senti 47 na ushee kwa risasi. Duka kubwa la michezo boksi hilo hilo ukilikuta kwa 14.99 na kodi inakuja senti 32 hivi. Sasa mtandaoni ukipata kartoni ya 1000 kwa dola 229, weka usafiri dola 18 na kodi, inafika kama 266, hapo unapiga kwa senti 26 na kitu. Kwa risasi 200 zako ni dola 53 badala ya 95. Watu wengi wanaangalia ile bei kubwa iliyoandikwa juu wanafurahi, wakifika kulipa wanakuta usafiri umekula faida yote. Kuna tovuti kama AmmoSeek inakupangia bei za maduka mengi kwa senti za risasi moja moja, anzia hapo.

Majina ya kutafuta kwa shabaha ya kawaida: Blazer Brass, Federal American Eagle, Winchester boksi jeupe, Magtech ya Brazil, Sellier & Bellot ya Czech, PMC ya Korea Kusini, Fiocchi ya Italia. Zote 115 grein (uzito wa kichwa cha risasi) FMJ (kichwa kilichofunikwa kwa madini) zinafanya kazi vizuri kwenye Glock, usilipie jina, lipia senti. Zile zenye tundu kichwani waachie watu wa kujilinda, hizo bei yake ni kali mno na karatasi haijali.

MkongweWaHouston

Naunga mkono hapo juu, niongezee kuhusu ganda la chuma.

Zamani hizi ndo zilikuwa mkombozi wetu, Tula na Wolf kutoka Urusi, bei ya chini kuliko zote. Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza vikwazo kwa sababu ya ile kesi ya Navalny, mpinzani wa serikali ya Urusi, kulishwa sumu, kuanzia Septemba 7 mwaka ule vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi vikasimama, vibali vya zamani vikaisha muda wake, mzigo ukakauka taratibu. Kwahiyo leo ukikuta ganda la chuma la 9mm mara nyingi tofauti ya bei na shaba ni ndogo sana na haifai kuumiza kichwa.

Halafu renji nyingi za ndani hawazitaki. Utaona jamaa wa mlangoni anafungua boksi lako anapitisha sumaku juu ya risasi, ikinasa tu anakwambia rudisha kwenye gari. Na wengi hawajui kwamba sumaku inaweza kunasa hata kama ganda ni la shaba, kwa sababu kichwa chenyewe nje kimepakwa shaba nyembamba na ndani yake kuna chuma, hizo zinaharibu ule ukuta wa kusimamishia risasi na zinatoa cheche. Nenda na kisumaku chako cha friji dukani, haina aibu, jaribu kabla hujalipa kartoni nzima.

Sababu nyingine ni kwamba maganda ya shaba renji wanayaokota wanauza, ya chuma hayana soko.

Nyota_Minnesota

Kaka karibu kwenye mchezo, mimi ni dada niko huku Minnesota, risasi za Federal zinatengenezwa hapa hapa Anoka lakini msidhani sisi tunapata bei ya jirani, ni ile ile tu 😀

Mi nakushauri kitu ambacho hujauliza, tafuta bastola ya .22 (kaliba ndogo) kwa ajili ya mazoezi mengi. Ruger Mark IV au Taurus TX22 kwa mfano. Risasi ya .22LR unaipata kwa senti 6 hadi 9, yaani kwa hela ya boksi moja la renji yako unapiga zaidi ya 200. Bastola yenyewe inajilipa baada ya muda ukiwa unapiga mara kwa mara kama ulivyosema. Ninavyofanya mimi naanza na .22 nashughulikia pumzi, kushika, kuvuta triga bila kuyumbisha mkono, halafu mwishoni napiga 50 tu za 9mm ili mkono usisahau mshtuko. Nalenga vizuri zaidi kuliko kipindi kile nachoma maboksi ya 9mm. Angalia tu zile .22 za bei ya chini kabisa, zinakwama kwenye bastola zinazojijaza zenyewe, CCI Mini-Mag ni ghali kidogo ila inaenda.

Na mazoezi ya bure kabisa ni kuvuta triga bila risasi nyumbani, Glock yako haiumii, ila za .22 nyingi usizifanyie hivyo bila kusoma kitabu chake kwanza. Risasi ZOTE zitoke kwenye hicho chumba, sio kwenye bastola tu, kwenye chumba, weka chumba kingine ufunge mlango. Unaangalia chemba kwa macho na kwa kidole, ndo unaanza. Nasisitiza hili kwa sababu umesema una watoto.

GomaPhoenix

Jambo ndugu. Kuhusu zilizojazwa upya mimi naziogopa na nitakueleza kwa nini. Kuna aina mbili watu wanazichanganya. Kuna za kiwanda chenye leseni ambacho kinanunua maganda yaliyotumika kinayasafisha kinaweka fataki mpya (kile kiwashio cha nyuma ya ganda), baruti mpya na kichwa kipya, wanauza kwa boksi lenye jina na namba. Halafu kuna za mtu kajaza mwenyewe gereji kwake anakuuzia kwenye mfuko wa plastiki. Za pili usiguse hata akiwa rafiki yako wa kanisani. Baruti ikizidi bastola inapasuka mkononi, ikipungua kichwa kinabaki kimekwama kwenye mtutu na ukipiga nyingine nyuma yake ni hatari ile ile. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida simama hapo hapo, usipige tena, toa magazini na umwite msimamizi.

Hata zile za kiwanda, soma kitabu cha Glock, wanakataza risasi zilizojazwa upya, ukipata shida usitegemee wakusaidie. Kwa senti 2 au 3 unazookoa sioni maana.

Baruti77

Safi sana. Na kujaza mwenyewe kwa 9mm pia faida yake ni ndogo, mashine na vifaa ni hela nyingi na fataki zimepanda toka 2020, wanaofaidi ni wa kaliba ghali.

Kingine mkuu, ukinunua soma ubavu wa boksi: 9mm Luger, 9x19, 9mm Parabellum ni kitu kimoja. Lakini 9x18 Makarov sio yako, na .380 ambayo wengine wanaiita 9mm kurz sio yako pia. Siku za ofa watu wanachukua haraka haraka.

MwanafunziOK

Wakuu samahani kuingilia uzi, mimi niko Oklahoma kwa viza ya masomo F-1, marafiki zangu wanataka kunipeleka renji wikiendi na wamesema nichangie kununua risasi. Kuna shida?

MkongweWaHouston

Mdogo wangu shida ipo tena kubwa, tulia usome taratibu.

Sheria ya serikali kuu, kile kifungu cha 922(g), inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi, mtalii, viza ya kazi, kumiliki au kushika silaha NA risasi. Risasi peke yake inatosha kuwa kosa, hata kama bastola ni ya mwenzio, na kushika kwenye renji kunahesabika. Kuna watu wametolewa kwenye katazo, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usijitafsirie mwenyewe wala usimsikilize rafiki, uliza wakili wa uhamiaji kabla ya hiyo wikiendi. Kosa la silaha ni moja ya mambo yanayoweza kukurudisha nyumbani moja kwa moja, ada umelipa, wazazi wameuza ng'ombe, unarudi kwa sababu ya kupiga karatasi. Mleta uzi yeye ana grini kadi, hali yake ni tofauti, anaruhusiwa.

Na mwenye grini kadi naye ajue, bangi hata kama jimbo lako imeruhusiwa, serikali kuu haijairuhusu, mtumiaji wa bangi na silaha havikai nyumba moja kisheria.

MwanafunziOK

Asante sana mzee wangu, siendi. Nimewaandikia sasa hivi.

Mlenga_Arlington

Aisee nimejifunza mengi, Mungu awabariki. Dada Nyota hiyo ya .22 naiangalia kwa makini sana. Sasa kuhusu kuletewa nyumbani mbona hamjanijibu vizuri, na ni wakati gani wa mwaka bei inashuka?

Nyota_Minnesota

Texas unaletewa mlangoni bila shida, wengi watakuomba picha ya kitambulisho maana duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia risasi za bastola aliye chini ya miaka 21. Inakuja kwa UPS au FedEx, posta ya serikali hairuhusu risasi kabisa. California ni lazima ipitie duka lenye leseni, tena tangu Julai 2024 wameongeza kodi ya asilimia 11 ya jimbo juu ya kodi nyingine. New York nako lazima uchukue dukani. Illinois unahitaji kadi ya FOID, ile ya jimbo ya mwenye silaha. Mwenye ndugu huko asimtumie tu kama anamtumia viatu.

Bei inashuka Novemba kwenye Black Friday, na viwanda vinatoa punguzo la kurudishiwa hela, unajaza fomu unatuma risiti, wengi wanazembea kujaza. Inapanda mwaka wa uchaguzi na kukitokea taharuki yoyote. 2020 mpaka 2021 9mm ilivuka senti 60 na bado rafu zilikuwa tupu, kwahiyo nunua ukiwa na nafasi, usisubiri watu waanze kukimbilia madukani.

Jihadhari na tovuti yenye bei ya ajabu inayotaka ulipe kwa Zelle au Cash App. Duka la kweli linapokea kadi ya benki.

GomaPhoenix

Tafuta pia renji za nje za jimbo. Kila risasi unayonunua imeshalipiwa kodi ya asilimia 11 ya serikali kuu toka kiwandani, sheria ya 1937 ya Pittman-Robertson, na sehemu ya hela hiyo inajenga renji za umma. Ada yake mara nyingi ni ndogo kuliko renji za ndani, na hawakulazimishi kununua kwao.

Ukitoka renji nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula chochote. Kwenye fataki kuna risasi ile ya madini (lead), vumbi lake linakaa kwenye nguo na viatu. Viatu viache nje, shati badilisha ndo umbebe mtoto.

MkongweWaHouston

Na begi la renji libaki kuwa la renji. Usilitumie kusafiria nyumbani. Risasi moja ikidondokea kwenye pindo la begi ukakutwa nayo JKIA au Dar, kule kuna sheria ya silaha, Kenya Sura ya 114 na Tanzania ile ya 2015, kumiliki risasi bila kibali ni kesi, hata iwe moja na hata ukieleza ulikuwa unacheza shabaha Texas. Begi la safari nunua jingine kabisa.

Mlenga_Arlington

Nimeagiza kartoni ya 1000 za shaba, senti 25 na nusu kila kitu ndani, 115 grein. Nikifika nyumbani zikiwa zimeletwa mchana naziweka wapi, gereji inafaa? Joto la huku mnalijua.

Baruti77

Gereji hapana mkuu. Ndani ya nyumba, pakavu, kwenye lile sanduku la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, na kufuli juu. Omba waweke sharti la kusaini mtu mzima ili lisiachwe mlangoni siku nzima. Na ukilipokea inama vizuri, 1000 za 9mm ni kama kilo 13.