Mrejesho: Transista za kutoa sauti za amplifaya ya miaka ya 1970

Ndugu wataalamu, niliuliza nibadilishe na nini transista zilizoungua za amplifaya ya marehemu baba, yenye umeme wa volti 42 chanya na 42 hasi (jumla volti 84), kwa kuwa namba za asili hazitengenezwi tena. Mlinishauri niache 2N3055, ambayo kikomo chake ni volti 60, nichukue MJ15003 na mwenzake MJ15004, zinazohimili volti 140, ampea 20 na wati 250.

Jozi ya kwanza niliinunua kwa bei iliyonifurahisha mno, nayo ikafa ndani ya dakika mbili. Nilipokata kofia ya chuma kwa msumeno nilikuta kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mtama, kimeunganishwa kwa nyaya nyembamba zisizoweza kubeba hata nusu ya ampea hizo; yaani zilikuwa bandia. Jozi ya pili niliagiza kwa wakala rasmi wa mtengenezaji, nikalipa karibu mara tatu, na sijuti.

Safari hii niliweka mika mpya (karatasi ya kuzuia umeme kati ya transista na kipoza joto) na grisi ya kupitisha joto, nikabadilisha pia transista ndogo zinazozisukuma (moja ilikuwa imepiga shoti kimyakimya, na nashuku ndiyo iliyoanzisha yote), kisha nikawasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na umeme wa ukutani. Balbu iling'aa kidogo ikafifia, ishara kwamba hakuna shoti. Nikarekebisha mkondo wa utulivu (umeme unaopita kwenye transista muziki usipopigwa) hadi milivolti 8 kwenye risista ya omu 0.33, yaani takriban miliampea 24.

Imepiga muziki siku tisa mfululizo, na kipoza joto kinashikika kwa mkono.